Ufunguo wa Ishirini na Nne: Maisha ya Kitasa, Fundi wa Funguo

Usiku wa Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mama mzazi wa marehemu alikaa kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa, kuanzia saa mbili na robo hadi alfajiri. Kushoto kwake alikaa mkwewe, mume wa marehemu, ambaye ni seremala. Vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nywele zake, maana alitoka kazini mbio bila kunawa. Mbele yao palikuwa na mlango wa mbao wenye vioo viwili vya mviringo, vimepakwa rangi nyeupe ili mtu asichungulie. Mama huyu ni mtu wa kuhesabu. Watoto wake wanajua kwamba halali mpaka ahesabu viatu vyote mlangoni. Usiku ule alihesabu mara ulizofunguka mlango ule. Zilikuwa mara kumi na tisa. Katika mara kumi na nane za kwanza alitoka mtu akapita bila kumtazama.

Kwenye saa sita, mwanamke mwingine aliyekuwa na mgonjwa wake alisogea karibu, akamgawia mama upande wa shuka lake, akamuuliza kwa upole, "Na wako ana nini, mwenzangu?"

"Tumbo," mama akajibu. "Linamsumbua tangu jioni."

Seremala akageuka akamtazama mama mkwe wake, kisha akainamisha kichwa. Mle ndani binti yake mama alikuwa amelazwa na risasi chini ya mtulinga, na mama hapa nje amesema tumbo. Kwa nini alisema hivyo, na kwa nini ametaka jambo hilo litangulie, mtafahamu huko mbele. Mlango ulipofunguka mara ya kumi na tisa, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ya Ijumaa, daktari alitoka amevua kofia yake, akaja moja kwa moja kwenye benchi.

Jina la marehemu la kwenye cheti limeandikwa kwenye jalada la karatasi hii. Humu ndani ataitwa Kitasa, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, na hata mwalimu mkuu wake aliwahi kuliandika jina hilo kwenye ripoti ya muhula kwa kujisahau.

Kitasa alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1991, saa tatu asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali hiyohiyo, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la saruji. Mama yake alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Alizaliwa na uzito wa kilo nne kasoro kidogo, amekunja ngumi ya kulia, na mkunga alipotaka kuifungua ngumi ile amsafishe alihangaika mpaka akakata tamaa. Akamwambia mama, "Huyu amejifunga, na ufunguo ameumeza."

Lakini jina lenyewe lilikuja miaka tisa baadaye. Baba alirudi safari jioni moja akakuta kitasa cha mlango wa mbele kimefumuliwa chote, vipande vyake vimepangwa kwenye mkeka kama maharage yanayochambuliwa, na binti yake amechuchumaa katikati na bisibisi mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba. Kilikuwa kinakwama."

"Na sasa?"

"Sasa hakipo."

Usiku ule familia ililala mlango umeegemezwa stuli, na mama hakulala kabisa. Alikaa ameushika mguu wa stuli mpaka kukapambazuka. Asubuhi mtoto akakirudisha kitasa kipande kwa kipande, na hakijakwama tena mpaka leo. Waliofika nyumbani wiki hii kutoa pole wamekishika kwa mikono yao.

Alianza shule ya msingi ya mtaani mwezi Januari 1998. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alikuwa mzito wa maneno, ila akishauliza swali alisubiri jibu lake, hata kama lilichelewa wiki nzima.

Alipokuwa darasa la sita alifiwa na baba yake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003. Baba alikwenda kwa rafiki yake, mlinzi wa ghala, kutazama mpira. Mpira ulipokwisha rafiki alitoa bunduki ya kazini kuwaonyesha wenzake, akasema haina kitu. Ilikuwa na kitu. Yaliyofuata yalipangwa na wakubwa wa familia kabla jua la siku ya pili halijachwa. Baba mkubwa wa Kitasa, wakati huo karani wa posta na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika ukoo, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu.

"Shemeji," alimwambia mjane, "tukiandika homa, watu watakupa pole. Tukiandika risasi, watakuuliza alikuwa na akina nani na alikuwa anafanya nini."

Mjane alikuwa na miaka thelathini na mitano, watoto watatu, na macho ya mtaa mzima mlangoni kwake. Akakubali. Karatasi ikapigwa chapa kwamba dereva huyo alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi".

Kitasa, mwenye miaka kumi na miwili, aliisoma karatasi ile yote akiwa amesimama makaburini. Jioni alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, baba aliugua nini?"

"Ile ni karatasi tu, mwanangu."

"Kama ni karatasi tu, kwa nini wasiandike kweli?"

Mama akamwambia akanawe miguu akalale. Mtoto alinawa miguu. Lakini karatasi aliikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari la hesabu, na miaka yote iliyofuata kila alipohamia ilihamia naye.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 2004 na sekondari mwaka 2008. Mwaka 2009 alijiunga na chuo cha ufundi, karakana ya vyuma. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, wasichana wawili tu. Siku ya kwanza mwalimu wa karakana alimwona mlangoni akamwelekeza kwa upole, "Binti, ushonaji ni jengo la pili."

"Najua, mwalimu. Nimepitia pale. Kitasa chao kilikuwa kibovu, nimewatengenezea."

Alihitimu Novemba 2011 akiwa wa kwanza katika kutengeneza vitasa na makufuli. Mama yake, ambaye yeye mwenyewe aliishia darasa la tano, alikaa safu ya mbele, na jina lilipotajwa alipiga kigelegele kabla ya wakati, mgeni rasmi akakatisha hotuba. Mama hajawahi kuomba radhi kwa jambo hilo, na haombi leo.

Jumatatu, tarehe 2 Aprili 2012, Kitasa alifungua kibanda chake kwenye safu ya maduka nyuma ya soko, baina ya fundi cherehani na muuza vioo. Kilikuwa na upana wa hatua nne. Kulikuwa na jiliwa la kubania vyuma, seti ya tupa, mashine moja ya kuchonga funguo, na kaunta ya mbao. Watu walifika kushangaa mwanamke fundi wa funguo, wakaondoka na funguo zinazofungua. Alikuwa na mkono mwepesi na sikio la ajabu. Aliweza kulitikisa kufuli mara moja karibu na shavu akakwambia pini ipi imelala. Alikuwa pia na masharti. Hakufungua mlango wa mtu kabla ya jirani mmoja kusimama pale na kusema, "Huyu ni wa humu." Wengi walikasirika. Usiku mmoja alimweka ofisa mzima nje ya nyumba yake mwenyewe, amevaa suti, mpaka akaamshwa jirani. Jirani alitoka na taulo, akamwangalia ofisa juu mpaka chini, akasema, "Simjui." Kisha akaangua kicheko, ofisa naye akacheka, na tangu siku hiyo ofisi nzima ilichongesha funguo kwa Kitasa.

Aliwafundisha kazi hii wanawake tisa. Wako hapa leo, wamevaa maaproni yao ya kazi kwa sababu yeye alipenda hivyo. Mjane mmoja kati yao alimuuliza siku ya kwanza kama mikono yake si mizee mno kwa tupa. Kitasa akamjibu, "Dada, mikono iliyolea watoto sita inashindwaje na kipande cha shaba?"

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya mtaa ni ubao wa funguo. Tarehe 9 Agosti 2016, miaka kumi na mitatu kamili tangu baba yake afariki, aliomba kwa mama ufunguo wa nyumbani aliokuwa akitumia baba. Mama alimpa akidhani anataka kuutolea nakala. Kitasa aliutundika kwenye ubao mweusi ukutani nyuma ya kaunta, peke yake, na chini yake akabandika kikaratasi: "Dereva, miaka 38. Risasi." Pembeni aliweka ile karatasi ya mwaka 2003, ndani ya fremu aliyotengeneza seremala.

Wateja walikuwa wakiuliza, "Ufunguo huu unauzwa?" Naye alijibu, "Huu ni wa mtu aliyetoka nyumbani akiwa na nia ya kurudi." Basi hapo mazungumzo yalianza. Mama yake alipouona ubao ule mara ya kwanza alikaa wiki tatu bila kukanyaga kibandani. Alisema jua ni kali.

Ufunguo wa pili uliletwa na muuza magazeti wa pale kona. Mjukuu wake aliuawa kituoni, akisubiri gari la kwenda shule, na watu wawili waliokuwa wakifukuzana. Mzee alifika na ufunguo wa mtoto umefungwa kwenye leso. Kitasa alikuwa ameweka sharti moja juu ya ubao wake. Ufunguo hautundikwi mpaka ndugu wa marehemu aseme mwenyewe, kwa sauti, pale kwenye kaunta, mtu wake alikufaje. Mzee alifika mara ya kwanza akasema, "Alipata ajali." Kitasa akamkaribisha kiti, wakanywa chai, wakaongea habari za magazeti, mzee akaondoka na ufunguo wake. Mara ya pili akasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Wakanywa chai. Mara ya tatu aliingia hakukaa. Alishika kaunta kwa mikono miwili akasema, "Alipigwa risasi. Alikuwa na begi mgongoni. Hakuwa amemkosea mtu." Fundi cherehani aliyasikia upande wa pili wa ukuta, akazima mashine yake.

"Haya, babu," Kitasa akasema. "Sasa tutundike."

Hadi anafariki, ubao huo ulikuwa na funguo ishirini na tatu. Upo wa mwanafunzi wa uuguzi. Upo wa askari aliyekuwa likizo, na wa mama aliyekuwa akianika nguo, na wa mtoto wa miaka minne ambaye hakuwa na ufunguo, kwa hiyo wazazi wake walileta wa sanduku lake la vitu vya kuchezea. Kila mwaka kuanzia 2018 Kitasa aliufunika ubao kwa shuka, akaupakia kwenye mkokoteni wa mume wake, akauzungusha mashuleni. Hakuwa mhutubiaji. Alimwita mwanafunzi mmoja mmoja mbele, akamwambia achague ufunguo na asome kikaratasi chake kwa sauti, basi. Shule sita zilimpokea mwaka jana.

Aliwafuata pia wenye silaha. Aliwatengenezea masanduku ya chuma ya makufuli mawili, moja la silaha na moja la risasi, na akawaomba waweke funguo hizo mbali mbali. Mfanyabiashara mmoja alimkemea mbele ya wateja, "Wewe fundi wa funguo, mambo ya bastola yanakuhusu nini?" Kitasa akaendelea kupiga tupa. "Yananihusu, mzee. Ninyi mnanunua, sisi tunazika." Mfanyabiashara yule alitoka kwa hasira. Baada ya mwezi alirudi kuchukua sanduku. Familia kumi na moja zinayo masanduku hayo majumbani.

Kitasa alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2014. Mchumba alikuwa seremala wa milango aliyefika kibandani mwaka uliotangulia kuchongesha ufunguo wa kufuli. Alirudi wiki ya pili na kufuli lilelile. Na ya tatu. Alipofika mara ya saba Kitasa aliliweka kufuli juu ya kaunta akamuuliza, "Kaka, hili kufuli lina ukoo mkubwa kiasi gani?" Seremala akatazama viatu vyake akasema, "Nilikuwa natafuta njia ya kuingia." Kitasa akamwambia angebisha tu hodi, kama watu wengine. Mama alimchunguza kijana huyo miezi minne, ikiwemo kumfuata kwa siri mpaka karakana yake kuona kama kweli anafanya kazi. Alimkuta anafanya kazi. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 2015 na mwana mwaka 2019. Katika nyumba yao yeye alitengeneza milango na mkewe akaiwekea vitasa, na wageni walisema ni nyumba pekee mjini isiyopiga kelele usiku.

Jambo moja lilimfanya mama akose raha. Kitasa hakuwa na ufunguo wa akiba wa kibanda chake. Aliyechongea mji mzima alitembea na ufunguo mmoja tu mfukoni. "Fundi mwenye ufunguo wa akiba anajitilia shaka," alikuwa akisema kwa kiburi. Mama akawa anawaza. Je, akianguka mle ndani peke yake? Je, moto ukitokea? Basi Jumapili moja ya mwaka 2018, binti yake alipofika kula chakula cha mchana, mama aliuchomoa ufunguo ule kwenye mkoba, akasema anakwenda kununua chumvi, akaenda kwa fundi mpinzani kule stendi. Akaambiwa aifuate nakala baada ya saa moja. Fundi akachukua vipimo, akamrudishia ule wa kwanza, mama akarudi bila chumvi. Jioni aliufuata wa pili, akaushonea kwenye pindo la mto wake wa kulalia. Miaka saba hakumwambia mtu.

Katika wasifu wa namna hii huwa kuna aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Mara ya mwisho kumeza kidonge ilikuwa mwaka juzi, cha jino.

Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, Kitasa alikuwa amekwisha kufunga kibanda na ufunguo ukiwa mkononi. Alikuwa akimtania fundi cherehani, "Funga na wewe, fundi, macho yako yatabaki kwenye sindano." Ng'ambo ya barabara madereva wawili walikuwa wakigombana kwa sababu gari la mmoja lilikwaruzwa ubavuni. Mmoja akafungua gari lake akatoa bastola. Alifyatua mara mbili. Baadaye alisema alitaka kutisha tu. Risasi ya pili ilivuka barabara. Mtu huyo ana kibali cha silaha, na jina lake liko mikononi mwa mahakama. Halikuwekwa kwenye karatasi hii kwa sababu karatasi hii ni ya Kitasa. Fundi cherehani alizuia damu kwa kitambaa cha sare za shule alizokuwa akishona, hakumwachia mpaka hospitali. Familia inamshukuru kwa mikono yake. Inawashukuru pia madaktari na wauguzi waliohangaika naye saa tisa. Alifariki Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Ameacha mume, binti wa miaka tisa, mwana wa miaka mitano, mama, kaka mmoja, mdogo wake wa kike, baba mkubwa, na mafundi tisa. Ameacha pia familia nyingine ishirini na mbili za ubao wa funguo, ambazo mnaziona zimekaa upande wa kushoto, safu nne za mbele. Mama aliomba wakae hapo kwa sababu wao ni wafiwa pia.

Limebaki jambo moja.

Jumamosi, msiba ukiwa umejaa watu, yule fundi wa stendi alifika kutoa pole. Aliomba kukaa karibu na mama, akanong'ona, "Mama, nina deni la maneno kwako. Yule binti alijua."

"Alijua nini?"

"Habari ya ule ufunguo. Nilimpigia simu siku ileile, ulipokuwa hata hujafika nyumbani. Akaja mbio. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni pangu. Nikamuuliza, nisiuchonge? Akasema, 'Chonga, ila nipishe nimalizie mwenyewe. Usije ukamchongea mama yangu ovyo akashindwa kufungua.' Tupa ya mwisho alipiga yeye. Akaniapisha nisikwambie kwamba anajua."

Mama aliinuka, akaenda chumbani, akalifumua pindo la mto.

Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu Alhamisi. Ufunguo wa Kitasa mwenyewe uko kituo cha polisi, ndani ya bahasha, pamoja na nguo zake. Kaka yake alishauri mlango uvunjwe, seremala akakataa katakata. Alisema mlango ule aliutengeneza kwa ajili ya mke wake, hatauvunja. Na ndani ndiko uliko ubao.

Jumapili, tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, mama alikwenda pale pamoja na seremala, watoto, fundi cherehani na baba mkubwa. Baba mkubwa sasa ni mstaafu, miwani imekuwa mizito, lakini mwandiko ni uleule. Alikuwa na rasimu ya wasifu mkononi, maana mpiga chapa alikuwa akiisubiri. Kila aya ilikuwa tayari isipokuwa moja. Pale pale barazani, huku doa kwenye saruji likiwa limefunikwa mchanga na watu wa soko wamesimama kutazama, akakohoa.

"Shemeji, hapa kwenye kufariki, nilikuwa nimeandika kama zamani." Akamwonyesha. Iliandikwa *baada ya kuugua kwa muda mfupi*. "Nimeandika tu kwa mazoea ya mkono. Sijui. Wewe ndiye mwenye mtoto. Sema niandike nini."

Mama alitazama watu. Aliwahesabu, kama kawaida yake. Walikuwa arobaini na kitu, na kati yao alimwona muuza magazeti amevua kofia. Akakumbuka benchi la chuma, na lile neno alilompa mwanamke aliyemgawia shuka.

"Andika alipigwa risasi," alisema.

"Sauti, mama," muuza magazeti akasema taratibu. "Huku nyuma hatujasikia."

"Alipigwa risasi!" mama akasema. "Mwanangu alipigwa risasi akifunga kazi yake. Na baba yake pia alipigwa risasi, hakuugua homa wala nini. Mimi ndiye niliyekubali iandikwe homa. Futa hiyo, shemeji. Futa zote mbili."

Baba mkubwa aliiweka karatasi kwenye ukuta wa kibanda, akafuta mstari, akaandika. Alichukua muda mrefu kwa maneno mawili. Kisha akavua miwani akasema, "Na nitaisoma mimi mwenyewe." Ndiye anayewasomea sasa hivi.

Seremala akampa mama ufunguo wa nyumba yao, ule aliokuwa akitumia Kitasa, ili ukatundikwe. Ni wa ishirini na nne. Mama akaushika mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akautia ule mwingine, wa kwenye mto, ndani ya kitasa cha kibanda. Miaka saba hakuwahi kuujaribu hata siku moja. Akadhani utakwama. Haukukwama. Ulizunguka mara moja, laini, kama vile mtu wa ndani alikuwa akiuvuta kumsaidia, na mlango ukafunguka.

Mungu amlaze Kitasa pema, kazi yake imefika. Kibanda kiko wazi.